Dume au Jike: Wiki Tatu Kambi Muru

Nilikwenda Kambi Muru kumtazama dada yangu, wala sikuwa na haja ya kutazama samaki. Dada, ambaye tumenyonya ziwa moja, aliteleza mwezi wa Julai mwaka jana akirudi na mtungi wa maji, akavunjika mguu. Watoto wake wakanipigia simu kunieleza kwamba amefungwa plasta na kukatazwa kusimama. Nikatia nguo mbili tatu katika kibegi, nikawaaga jamaa zangu hapa Mombasa, nikapanda gari-moshi la asubuhi pale Miritini. Niliazimia kukaa siku tano. Nikakaa wiki tatu, na sehemu kubwa ya kukawia huko ilisababishwa na samaki kumi na wawili, kila mmoja hafiki urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Msomaji ambaye hajafika Kibera huenda akaidhani ni mabati na matope tu, kama zionyeshavyo picha za wapitaji. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, na maana yake ni msitu. Askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles ndio waliokaliwesha msituni humo na wake zao na watoto wao mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi hiyo kuwa ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Hati ya kuimiliki hawakupewa. Ilikuja kutolewa mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288. Vijiji kadhaa vya humo vyaitwa kambi hadi leo, na Kambi Muru wazee huinasibisha na Wamoru, watu wa Sudan ya kusini waliokuwamo katika safu za askari wale. Leo utamkuta humo Mnubi, Mluo, Mluhya na Mkamba wakigawana ukuta mmoja na bomba moja la maji, na Kiswahili chao kina haraka ambayo sisi wa pwani hatunayo.

Dada yangu aliolewa huko na Mnubi, sasa ni marehemu, na nyumba aliyoachiwa ni ya udongo uliopigwa lipu, yenye baraza mbele na mabati juu. Ukutani zimetundikwa tabaga, vile vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa ukindu wa rangi nyingi, ambavyo wanawake wa Kinubi huvionea fahari kama sisi tuonavyo fahari kwa milango yetu ya nakshi. Nilitarajia kuziona. Nisilolitarajia ni ule ukuta wa pili, ambao haukuonekana tena kwa matangi ya kioo. Yalikuwa manane, yamepangwa juu ya mbao na matofali, na ndani yake mna maji yanayotoa mapovu kwa pampu ndogo.

Matangi yale ni ya mjukuu wa dada, kijana wa miaka kumi na tisa. Vipande vya kioo huvinunua kwa mafundi wa madirisha vikiwa masalio, akaviunga kwa gundi ya silikoni, akavitia maji siku saba kuangalia kama vyavuja. Maji yenyewe huyanunua kwa mtungi, kisha huyaacha wazi siku nzima ili dawa ya klorini itoke, maana ile dawa itusalimishayo sisi na maradhi humwunguza samaki matamvua. Huwauzia watoto wa shule na wenye nyumba za Ayany na Olympic. Ada ya mtihani ya dada yake mdogo hutoka katika matangi yale, na bibi yake, ambaye yeye humwita haboba, hakunificha kwamba unga wa mwezi ule pia umetoka humo.

Siku ya tatu ya kufika kwangu, baada ya alasiri, alikuja mzee mmoja mstaafu kutoka Ayany, mtu wa heshima, amevaa koti, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye maji. Akaketi barazani, akakubali kahawa, kisha akaeleza dai lake kwa utulivu ambao ulinitia haya kabla sijajua lipi la kuonea haya. Wiki tatu nyuma alinunua kwa kijana samaki aina ya gapi kumi na wawili, kwa shilingi 150 kila mmoja, na sharti lake lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba wote wawe majike. Madume alikuwa nao tayari, wazuri, wenye mikia mekundu mfano wa mwenge. Wawili kati ya wale kumi na wawili wamekufa, hilo halidai. Lakini katika kumi waliobaki, sita ni madume. Akauinua mfuko juani tukaona. Hata mimi, nisiyejua gapi wala jamaa zake, niliona sita wana mikia iliyoanza kupakwa rangi, na wanne wa rangi ya maji ya udongo.

Kijana akasema, "Babu, wakati nilipowauza wote walikuwa majike. Niliwatazama mmoja mmoja."

Majirani watano au sita walikuwa wamekwisha kukusanyika. Nao, kwa kuwa mimi ni mtu wa makamo na nimevaa kofia, wakanigeukia niamue. Nami, ndugu msomaji, nikaamua. Nilisema kwamba jike halilali likaamka dume, na kwamba muuzaji aliyeulizwa sifa ya bidhaa akaitaja kinyume, basi ama hakuijua bidhaa yake ama amesema uongo, na huyu amekwisha kutuambia kwamba aliwatazama mmoja mmoja. Sikulitamka neno mwongo. Halikuwa na haja ya kutamkwa. Nikamwamuru arejeshe shilingi 1,800 zote, naye akaingia ndani akatoka na 700, akasema nyingine zimekwisha kulipwa shuleni. Mzee akazikataa. Akasema atarudi Ijumaa ya wiki ya pili, akaondoka na mfuko wake. Kijana hakunisemesha tena siku ile, na usiku dada yangu aliniambia, kwa sauti ya chini, "Kaka, wewe utarudi Mombasa. Yeye atabaki hapa hapa."

Nilikosa usingizi. Baridi ya Julai ya Nairobi, kwa mtu wa pwani, ni adhabu iliyo mbali na usingizi hata bila ya kuongezewa fikira. Mji ule uko mita kama 1,700 juu ya bahari, na usiku wa msimu huo joto hushuka hata kukaribia nyuzi kumi. Nikajifunika blanketi mbili, nikaketi mbele ya matangi, nikamwona kijana naye yu macho, ameinama na kurunzi mbele ya tangi la chini kabisa. Akanionyesha bila ya kunitazama. Ndani mna samaki wadogo kama ishirini. "Hawa ni ndugu zao, babu. Mama mmoja, uzazi mmoja, siku moja. Tafuta dume."

Nikatafuta. Nilitafuta robo saa nzima kwa kurunzi na kwa kioo cha kukuzia kilichokuwa cha marehemu mume wa dada. Hapakuwa na mkia wenye rangi hata mmoja. Wote walikuwa wa kijivu, wote wa umbo moja.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kwa zaidi ya miaka arubaini. Tulipokuwa watoto wa chuoni, baada ya mvua za masika, tulikuwa tukienda kwenye vidimbwi vya upande wa Kikambala kuvua kwa kanga ya kuukuu. Tulipata visamaki vya namna mbili, vyekundu na samawati vilivyong'aa kama vito, na vingine vya hudhurungi visivyo na lolote la kutazamwa. Vile vya hudhurungi tulivitupa. Tulikubaliana kwamba ni kabila jingine la samaki, watumwa wa wale wazuri, na mmoja wetu akazua hadithi ndefu ya namna walivyotekwa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tukiwatupa majike. Samaki wale wana jamaa zao katika vidimbwi vya pwani yote hii hadi Unguja, na yule wa Unguja wataalamu wamempa jina la Nothobranchius guentheri. Huzaliwa mvua zinaponyesha, hukomaa kwa wiki chache tu, hutaga matopeni, nao hufa kidimbwi kikaukapo; mayai hukaa katika udongo mkavu yakiingoja mvua nyingine. Dume ana rangi zote za dunia na jike hana hata moja, tena wako pamoja katika maji yasiyofika goti, nasi hatukutambua.

Huyo Günther aliyepewa heshima ya jina la samaki wa Unguja alikuwa mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, na ndiye yeye aliyempa gapi jina lake la mitaani. Mwaka 1866 aliletewa samaki wadogo kutoka kisiwa cha Trinidad, waliopelekwa na bwana mmoja aitwaye Guppy, akawaita kwa jina la aliyewapeleka. Ikaja kubainika kwamba Mjerumani Peters alikuwa amekwisha kuwapa jina la kitaalamu mwaka 1859, na jina la mbele ndilo lishikwalo vitabuni. Lakini nenda leo ukamwulize mtoto yeyote wa Kambi Muru, atakwambia gapi.

Usiku ule kijana, ambaye hasira yake ilishindwa na hamu ya kufundisha, alinisomesha alama. Gapi dume ni mdogo na mwembamba, mkia wake mrefu na wa rangi. Jike ni mkubwa zaidi, tumbo limejaa, na karibu na tundu la nyuma ana doa jeusi linaloongezeka weusi kadiri uzazi unavyokaribia, kwani samaki huyu hatagi mayai bali huzaa watoto wanaoogelea, takriban kila mwezi. Ila rangi na ukubwa si hoja ya kutegemewa. Wapo majike wenye rangi kidogo na madume waliodumaa. Alama ya kukata shauri ni pezi la chini, lile lililo nyuma ya tumbo. Kwa jike limefunguka kama upepeo. Kwa dume limejikunja likawa jembamba lenye ncha, mfano wa sindano ya kushonea magunia, na kwa hilo ndipo hupitisha mbegu yake. Alikuwa amejifunza kwamba ncha hiyo huanza kuonekana samaki anapotimiza wiki tatu au nne. Wale kumi na wawili aliwauza wakiwa na umri wa wiki tano. Aliliangalia pezi la kila mmoja, akaona upepeo kwa kila mmoja, akasema ni majike.

"Wiki tatu au nne," nikamwuliza, "katika maji ya joto gani?"

Akanyamaza. Akaingiza mkono katika tangi, nami nikaingiza wangu, na nusura nipige kelele.

Wasomaji wangu wa pwani hawajapata kulijua jambo hili kwa sababu maji yetu hayapoi. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa na nyuzi ishirini na tano, hula, hukua na hubaleghe kwa wakati wake. Yakiwa na nyuzi kumi na nane, kila kitu ndani yake huenda polepole, na wiki tano huwa kama mbili. Na gapi wote, dume na jike, utotoni mwao wana pezi la upepeo. Yaani mtoto wa gapi huonekana jike mpaka itakapobainika vingine. Kijana alikuwa na hita moja tu, nayo ameiweka kwa wazazi, kwani umeme wa tokeni humalizika kabla ya mwezi. Watoto aliwalea katika baridi. Yule mzee wa Ayany akawachukua, akawatia katika tangi lake lenye hita, na katika wiki tatu za joto sita kati yao wakakamilisha ujana waliokuwa wamecheleweshewa.

Hii ilikuwa dhana tu. Niliiona inapendeza, na dhana inayompendeza mtu aliyekosea yafaa aitilie shaka mara mbili. Asubuhi nilimtafuta jirani wa dada, mtu wa makamo aliyezaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria na kuvua huko ujanani kabla ya kuja Nairobi. Tulifuatana naye kwa miguu, tukiifuata reli ya zamani iendayo Kisumu, tukapita katikati ya wauza viatu waliotandaza bidhaa zao hadi juu ya mataruma, maana gari-moshi likikaribia kila mmoja hujua dakika ya kuvuta turubai lake. Yeye ndiye aliyetaka kunionyesha bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambako zamani watu wa mashua za matanga walikuwa wakicheza. Nilitafuta maji nisiyaone. Kulikuwa na uwanja wa kijani, magugu-maji yaliyoshikana hata mtu angedhani aweza kutembea juu yake, na harufu.

Nilipomweleza kisa cha gapi, alicheka, kisha akanieleza habari za fulu. Hao ni samaki wadogo wa ziwa, ambao kwao kila mtoto huwajua kama sisi tujuavyo dagaa, na wataalamu wamewahesabu kwa mamia ya aina. Dume la fulu huvaa rangi, nyekundu au samawati au manjano kwa kadiri ya kabila lake, na katika pezi lake la chini ana madoa ya mviringo mfano wa mayai. Jike hutaga na kuyaokota mayai kinywani. Akiyaona yale madoa huyadhani ni mayai yaliyobaki, huyasogelea ayaokote, na hapo ndipo yaliyomo kinywani hupata mbegu. Jirani yangu alikuwa amevua fulu miaka mingi, na alisema jike hana ila rangi ya mchanga, kwa hiyo mvuvi huweza kuyatambua madume ya aina kumi na asiweze kulitofautisha jike la aina hii na la ile.

Kwa nini basi majike wenyewe hawakosei? Kwa macho. Kila jike humchagua dume mwenye rangi ya kabila lake. Lakini mwaka 1997 watafiti watatu, Seehausen, van Alphen na Witte, walieleza katika jarida la Science kwamba pale ambapo maji ya ziwa hilo yamechafuka na mwanga haupiti, rangi hazionekani, majike hushindwa kuchagua, na aina mbalimbali za fulu huchanganyika hata zikapotea. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, amelaumiwa kwa kuwala fulu, na ni kweli amewala. Lakini wengine hawakuliwa na yeyote. Walipotea kwa kutoonana tu. Jirani yangu aliitazama ile kijani iliyofunika bwawa, akasema kwao pia magugu haya yalifika, katika ghuba ya Kisumu, akageuka tukarudi.

Njiani nilijipima. Watu wa pwani tunajisifu kwa kujua samaki, na mimi babangu alikuwa na dau. Walakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba chewa mkubwa tumletaye sokoni kwa mbwembwe, aghalabu alianza maisha yake akiwa jike, akageuka dume alipokuwa mkubwa? Pono naye, yule wa kijani na samawati, mara nyingi alikuwa jike wa rangi ya kahawia kabla ya kuvaa joho hilo. Na kile kisamaki cha rangi ya machungwa na mikanda myeupe, kinachojificha katika vishikio vyenye sumu vya ua-bahari huko kwenye matumbawe, kwake mambo ni kinyume: mkubwa wa nyumba ni jike, wa pili ni dume, waliobaki ni watoto, jike akifa, dume huwa jike, na mtoto mmoja hupanda kuwa dume. Farasi-bahari ndiye dume achukuaye mimba. Nami nilikaa barazani mbele ya majirani nikatamka kwamba jike halilali likaamka dume, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Gapi kwa kweli hageuki hivyo. Lakini mimi sikuwa nimelijua hilo nilipolisema. Nililibahatisha, na nusu yake nyingine nikaikosa.

Siku ile ile nilikwenda Ayany, peke yangu. Mzee alinipokea vizuri. Nikamwambia kwamba huenda nimehukumu kabla ya kuona, na nikamwomba ruhusa ya jaribio. Tutachukua sita kati ya wale ndugu waliobaki katika baridi, wote wakiwa na pezi la upepeo kwa ushahidi wake mwenyewe, tuwatie katika tangi lake lenye joto, ndani ya kijumba cha chandarua ili wasichanganyike na wake. Ikiwa baada ya wiki mbili wote wangali majike, kijana atalipa fedha yote, na mimi nitaongeza nauli yake. Wakitokea madume, basi hakuna uongo uliosemwa. Mzee alikuwa mwalimu katika ujana wake, na macho yake yakaangaza. Alikuja Kambi Muru jioni hiyo na kioo chake cha kukuzia, kizuri kuliko chetu, akawachagua sita kwa mkono wake.

Siku tano zangu zikawa nyingi. Nilimsogezea dada mto, nikajifunza kunywa chai ya tangawizi kali kuliko ya kwetu, nikaswali Makina na kurudi kwa miguu nikiwa na majirani wale wale walionisikia siku ya kwanza, nami kila jioni nilitamani kuwaambia, nikajizuia kwa kuwa sikuwa na hakika. Sijui kama nilifanya vizuri. Kijana hakunikumbusha, ila niliona mteja mmoja amekuja, akauliza bei, akatazama, akaondoka bila ya kununua, na nikamwona kijana akimfuata kwa macho mpaka kwenye kona.

Siku ya tisa mzee alipiga simu. Mmoja ana pezi lililoanza kukunjika. Siku ya kumi na tatu walikuwa watatu. Ndugu zao kumi na wanne waliobaki Kambi Muru katika tangi la chini, tuliwatazama siku hiyo hiyo: upepeo kwa wote, ila mmoja tu ambaye tuliulizana sana na hatukuafikiana.

Ijumaa mzee alifika kama alivyoahidi. Majirani niliwaita mimi mwenyewe, na nikahakikisha wamekuja wote wale wa kwanza. Nikaeleza mambo ya joto na baridi, nikawapitishia mtungi wa kioo ili waone. Kisha nikasema kwamba siku ile nilimnasibisha kijana huyu na uongo, na kwamba hakusema uongo, na kwamba aliyenena asilolijua mbele yenu ni mimi. Halikuwa jambo jepesi. Mama mmoja wa Kinubi aliyekuwa akishona alisema kwa sauti, "Sasa hiyo ndiyo hukumu," wakacheka, nami nikacheka nao ingawa uso uliniwaka moto.

Lakini dai la mzee lilikuwa bado lipo. Kukosea bila kukusudia hakumpi mnunuzi majike aliyoyalipia. Alikuwa na majike wanne tu, akataka kumi na wawili. Kwa hiyo kijana akachukua madume sita, akatoa badala yao majike sita wakubwa kutoka tangi la wazazi, wenye doa jeusi lisilo na shaka, na wawili waliokufa mzee akasamehe. Nilidhani tumemaliza. Mzee alikuwa ameshaufunga mfuko kwa mpira wakati kijana aliposema, "Ngoja kidogo, mzee. Hawa wamekaa na madume wangu."

Nikamtazama, sikuelewa. Akaeleza kwamba jike wa gapi huihifadhi mbegu ya dume ndani ya mwili wake kwa miezi, na huweza kuzaa mara kadhaa bila ya kumwona dume tena. Mzee aliwataka majike ili apate watoto wa wale madume wake wa mikia mekundu. Kwa hawa, uzazi wa kwanza na wa pili na pengine wa tatu utakuwa wa madume wa Kambi Muru, wasio na mwenge wowote. Hakuna aliyekuwa akilijua hilo pale barazani ila yeye. Angalinyamaza, mzee angaliondoka ameridhika.

Mzee akaufungua mfuko, akawatazama wale samaki kwa muda. Akauliza kama kuna njia. Kijana akasema ipo, nayo ni kuwatenga ndugu wale wadogo mmoja mmoja sasa hivi, kabla hawajapevuka, katika joto, na kuwatoa madume kila pezi linapoanza kukunjika. Watakaobaki watakuwa majike ambao hawajaguswa. Itachukua wiki sita, na itahitaji hita ya pili. Mzee akasema hita anayo moja ya akiba. Kisha akawarudisha majike wale sita katika tangi, akamwambia kijana ashike fedha yake kama malipo ya mbele, na akatoa nyingine 500 kwa ajili ya umeme.

Dada alipoweza kusimama kwa magongo niliaga. Kijana alinisindikiza hadi kituo cha matatu, mkononi amebeba mtungi mdogo wa kioo uliofungwa kwa kitambaa, zawadi ya wajukuu zangu. Ndani mna samaki watatu. Huyu ni dume, akasema, uione ncha. Huyu ni jike, lione doa. Wa tatu alikuwa ni yule tuliyembishania. Nikamwuliza huyu je.

"Huyu sijui, babu. Mombasa kuna joto. Mtazame baada ya wiki tatu, halafu unipigie."

Penye ukaguzi wa stesheni ya Syokimau askari aliuinua mtungi, akautazama kwenye mwanga, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni dume mmoja, jike mmoja, na mmoja ambaye bado. Akanirudishia mtungi, nami nikaupakata mapajani mpaka Mtito Andei, ambapo maji yalikuwa yameanza kupata uvuguvugu.